Kabla ya kumnunulia nyanya kitufe cha shingoni, uliza nani ana ufunguo

Nyumba nyingi za Nairobi zina milango miwili: wa mbao au chuma, na mbele yake grili. Usiku grili hufungwa kwa kufuli, na mwenye nyumba huenda na ufunguo chumbani au huuweka juu ya friji. Sasa mfikirie mzee anayeishi peke yake Buruburu, ameanguka chooni saa tisa usiku. Kitufe cha kuitia msaada kiko shingoni, anakibonyeza, simu ya mwanawe inalia Kasarani, na mwana anaendesha gari kama ambulansi. Anafika, anapitisha mkono kwenye grili, anaigusa kufuli. Ufunguo uko juu ya friji. Kifaa kimefanya kazi yake yote na mzee bado yuko sakafuni.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kifaa gani, mimi humuuliza kwanza habari za mlango. Huku kwetu kitufe kwa kawaida hakilii kwenye kituo chenye wahudumu wanaokesha wakisubiri, kama Marekani au Uingereza. Kinalia kwenye simu yako, ya dada yako, au ya jirani. Nyinyi ndio kituo.

Tuelewane pia kuhusu kazi yenyewe. Kifaa hakizuii kuanguka. Kinapunguza muda ambao mtu anakaa chini baada ya kuanguka, na muda huo ndio unaoumiza zaidi ya watu wanavyodhani. Mtu akilala upande mmoja kwa saa nyingi, misuli iliyobanwa huanza kuvunjika, na mabaki yake yakiingia kwenye damu huzielemea figo. Ngozi ya nyonga na ya kisigino hufa kwa kukosa damu. Maji mwilini hupungua. Na vigae vya bafu usiku wa Julai Nairobi ni baridi ya kweli. Mwili wa mtu wa miaka themanini haujui kujipasha moto kama wako.

Mwaka 2008 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa Cambridge uliofuatilia watu wa zaidi ya miaka 90. Wengi walikuwa na kengele za kuitia msaada, lakini walipoanguka wakiwa peke yao, wengi wao hawakuzitumia. Nakuomba uukumbuke utafiti huo kila unapoona tangazo. Kifaa kilichoning'inia kwenye msumari ukutani ni pambo.

Haya, vifaa vyenyewe.

Aina ya zamani ina sehemu mbili: kitufe kidogo cha shingoni au mkononi, na mashine ya mezani yenye spika na maikrofoni. Kitufe hutuma mawimbi ya redio hadi kwenye mashine, nayo mashine ndiyo inayopiga simu, ama kwa laini ya waya ama kwa laini ya simu ya mkononi iliyotiwa ndani. Uzuri wake ni kwamba kitufe hakichajiwi, betri yake hukaa miaka. Ubaya wake ni kwamba mzee akitoka hadi dukani hana kitu.

Aina ya pili ni ya kila kitu ndani ya kimoja: kidani chenye laini yake, spika yake na GPS yake. Kinakwenda naye kanisani na sokoni. Lakini kinataka chaji kila siku moja hadi tano, kutegemea mtandao na mipangilio.

Ya tatu ni saa. Apple Watch ilianza kutambua kuanguka mwaka 2018 na toleo la Series 4. Uwezo huo hujiwasha wenyewe ikiwa umri uliojazwa ni miaka 55 au zaidi. Kwa mwenye umri mdogo zaidi ni lazima uuwashe. Saa ikihisi kishindo kisha mtu asisogee kwa takriban dakika moja, huhesabu sekunde 30 na kupiga simu ya dharura, halafu huwatumia ujumbe wale uliowaorodhesha. Isiyo na laini yake yenyewe inategemea iPhone iliyo karibu. Chaji yake ni ya takriban siku moja, na kwa mzee asiyependa vioo vya kugusa, hilo ni deni la kila siku.

Zaidi ya hapo kuna kitufe cha dharura cha kampuni ya ulinzi, ambacho kwa Nairobi ndicho kilicho karibu zaidi na huduma ya kituo. Kabla ya kutia sahihi uliza maswali mawili: gari linalokuja limebeba walinzi pekee au pia mtu wa huduma ya kwanza, na je, wanaruhusiwa kuvunja kufuli?

Kisha kuna zile njia ambazo hakuna anayezitangaza. Ikiwa msaidizi wa nyumbani analala humo humo, anza na kengele ya mlango isiyo na waya, zile zinazojaa Luthuli Avenue. Kitufe chake kifungwe kamba na kuvaliwa au kubandikwa chini karibu na choo, kipokezi kichomekwe kwenye soketi ya chumba cha msaidizi. Haina laini, haina salio, haina programu. Kwa nyumba ya aina hiyo ningeinunua kabla ya kidani chochote. Na simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, yenye kitufe cha SOS mgongoni, au hata isiyo nacho lakini yenye kupiga nambari kwa kushikilia tarakimu 2, ni akiba nzuri mradi imo mfukoni au imefungwa kwenye leso na si kwenye kabati. Mzee mwenye simu ya Android ya miaka ya karibuni aonyeshwe kuita msaada kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha mara tano mfululizo.

Neno kwa walio ughaibuni, maana zawadi hizi husafirishwa kwa upendo na kuishia kwenye droo. Kidani kilichonunuliwa Marekani mara nyingi kimefungiwa laini ya huko, kituo cha huko na malipo ya kila mwezi ya huko. Vya zamani viliegemea mitandao ya 3G iliyozimwa Marekani mwaka 2022, na vingine vinatumia masafa ambayo mitandao ya Kenya haina. Mashine za mezani za Uingereza nyingi zilitengenezwa kwa laini ya simu ya waya wa shaba, ambayo hata huko inaondolewa, tarehe ya mwisho ikiwa Januari 2027. Nyumba ngapi za mtaa wa Umoja zina simu ya waya leo? Ukitaka kutuma kitu, tuma kisichofungiwa mtandao, chenye 4G na kinachoruhusu 2G kama akiba, na kinachopiga nambari unazoweka mwenyewe.

Sasa laini, ambako ndiko vifaa vingi vizuri hufia.

Kabla ya kuitia kwenye kifaa, itie kwenye simu ya kawaida. Ondoa PIN ya laini, kwa sababu kidani hakina mahali pa kuiandika na kitabaki kikitafuta mtandao bila kukuambia kwa nini. Piga simu moja na kutuma SMS moja kuhakikisha laini iko hai. Ikiwa kifaa kinatumia data, jaza APN, yaani jina la njia ya data ya mtandao: kwa Safaricom ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nywila data. Watu huruka hatua hii, simu zinapiga vizuri, halafu wiki moja baadaye ramani kwenye programu bado inaonyesha dukani walikonunua.

Salio lina mitego miwili. Bando la data likiisha, kifaa kinachotuma mahali kilipo kila dakika chache huhamia kwenye salio la kupigia na kulimaliza kimyakimya. Kwa hiyo punguza utumaji hadi mara moja kwa saa, au uache wa wakati wa dharura tu. Mtego wa pili ni Okoa Jahazi, mkopo wa salio wa Safaricom. Laini hii isikopeshwe kamwe: ukituma salio, deni hukatwa kwanza, nawe unaamini kuna mia mbili kumbe zimebaki shilingi chache. Mtu mmoja, ajulikane kwa jina, anunue salio kwa M-Pesa kwa nambari hiyo kila tarehe moja. Ikiwa kila mtoto anadhani mwingine ametuma, hakuna aliyetuma.

Orodha ya kupigiwa isipangwe kwa heshima. Nambari ya kwanza si ya kifungua mimba, wala ya anayelipa bili. Ni ya aliye karibu na mwenye ufunguo, hata kama ni mama wa mlango wa pili ambaye hamna undugu naye. Ya pili ni mtoto aliye Nairobi. Ya tatu iwe ya mtandao tofauti, Airtel kama wengine wote wako Safaricom, kwa siku ambayo mtandao mmoja umelala. Aliye Dubai au Boston apate ujumbe, asipate simu; simu ya kimataifa itakula salio na yeye hawezi kufika.

Kila mmoja katika orodha ahifadhi nambari ya kifaa kwa jina lisilokosewa, KITUFE CHA MAMA, kwa herufi kubwa. Nambari ngeni saa tisa usiku watu huikata wakidhani ni matapeli. Kwenye Android iwekwe nyota, na hali ya usinisumbue iruhusu simu za wenye nyota. Kwenye iPhone fungua jina hilo, hariri mlio, uwashe kipengele kinachoruhusu mlio wa dharura hata simu ikiwa kimya. Halafu kila mmoja apige ##002# kuzima uelekezaji wote wa simu. Sababu ni hii: barua ya sauti (voicemail) ikipokea, kifaa kinaona kimejibiwa, kinaacha kupiga, na mzee anaanza kumsimulia mashine maumivu yake. Vifaa vizuri humtaka anayepokea abonyeze 1 kuthibitisha kuwa ni binadamu, na asipothibitisha huhamia nambari inayofuata. Tafuta hivyo.

999 na 112 zisiwe kwenye orodha ya kifaa. Vitufe hubonyezwa kwa bahati mbaya mara nyingi, na mzee aliyepigwa na butwaa hawezi kueleza njia. Simu ya 999, au ya 1199 ya Msalaba Mwekundu, ipigwe na mtu anayejua mahali.

Na mahali penyewe msiiachie GPS. Ndani ya fleti ya Pipeline, ghorofa ya chini, kifaa hakioni anga; kitakupa mahali pa mnara wa simu, na katika Pipeline umbali wa mita mia tatu ni maelfu ya milango. Andikeni maelekezo mara moja, yahifadhiwe kwenye simu ya kila mmoja: mtaa, fezi au jina la jengo, rangi ya geti, ghorofa, nambari ya mlango, alama iliyo karibu, na jina la askari wa usiku. Askari naye apewe majina ya wanaoruhusiwa kuingia saa yoyote.

Kutambua kuanguka bila kubonyeza kunauzwa kama miujiza, kwa hiyo inafaa kujua kinachotendeka ndani. Kuna kihisi kinachopima mwendo katika pande tatu. Ukiwa umetulia kinasoma g moja, nguvu ya mvutano wa dunia. Mtu akidondoka usomaji hushuka kuelekea sifuri kwa sehemu ya sekunde, kisha hupanda ghafla akigonga sakafu, kisha mlalo wa kifaa hubadilika, kisha kimya. Programu inatafuta mfuatano huo. Sasa angalia jinsi wazee wanavyoanguka hasa: anateleza taratibu ukutani akiwa ameshika sinki, au anashuka kitandani akivuta shuka hadi matako yaguse chini. Hakuna kudondoka, hakuna kishindo, na kihisi hakina cha kuripoti. Kwa hiyo fundisha kubonyeza hata kama kifaa kinajitambulia.

Upande wa pili ni kengele za uongo. Cha mkononi hulia zaidi kuliko cha shingoni, maana mkono hufanya mambo mengi ambayo kiwiliwili hakifanyi: kupiga makofi kanisani, kukanda unga wa chapati, kusonga ugali wa watu wanane. Weka kiwango cha kuhisi kiwe cha kati, uangalie wiki mbili, ndipo upandishe au ushushe. Msikizime kwa hasira baada ya kelele ya tatu.

Shingoni au mkononi? Kamba ya shingoni iwe na kiungo kinachoachia ikivutwa, isije ikamnyonga ikinaswa kwenye kitasa. Aliyepooza mkono mmoja avae cha mkononi kwenye mkono dhaifu, kwa sababu ule mzima ndio utakaobonyeza. Lakini cha shingoni ni bora zaidi kwake, kwa kuwa mkono mzima hukifikia. Mwenye kifaa cha moyo kifuani aepuke kidani chenye sumaku ya chaji, au akiweke angalau sentimita 15 kutoka hapo. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, kitufe si jibu: atasahau ni cha nini. Huyo anahitaji kihisi cha kitandani au mtu.

Siku ya kufunga, usijaribu ukiwa umesimama sebuleni na karatasi ya maelezo mkononi. Hapo kila kifaa hufaulu. Nenda bafuni, funga mlango, lala chini ukigeukia ukuta, bonyeza kwa sekunde tatu. Karatasi inasema kitufe hufika mita mia au zaidi kutoka kwenye mashine, lakini hizo ni za uwanjani. Kuta za mawe ya Ndarugo na zege lenye nondo hukata sehemu kubwa, na mwili uliolalia kitufe hukata nyingine. Rudia nyuma ya kitanda, kwenye kamba ya nguo, na getini. Kisha zungumza kwa sauti ya mtu aliyeumia, siyo ya mhubiri, na muulize aliyepokea amesikia nini. Mwisho mpe mzee mwenyewe abonyeze. Vidole vyenye baridi yabisi hushindwa na vitufe ambavyo wewe huvioni kuwa vigumu.

Mashine ya mezani ikae katikati ya nyumba, mbali na friji, wala isiwe nyuma ya televisheni. Soketi zetu zina swichi, na swichi huzimwa na mtu anayetafuta pa kuchaji simu au kupiga pasi. Taa ya mashine inabaki kwa sababu betri ya akiba inashika kwa siku moja au zaidi, halafu inakufa kesho yake bila mtu kukumbuka swichi. Bandika utepe juu ya swichi hiyo. Utepe huo pia utakukumbusha kwamba tokeni za stima zikiisha, saa zimeanza kuhesabiwa.

Kidani cha kuchaji kichajiwe wakati wa taarifa ya habari ya saa moja jioni, mzee akiwa ameketi na watu wako karibu. Usiku kamwe, maana safari ya chooni gizani ndiyo unayoiogopa. Pini za chaji hushika jasho na sabuni. Zifute kwa kitambaa kikavu kila wiki, na uhakikishe taa ya chaji imewaka kabla ya kuondoka. Kifaa kilichoandikwa IP67 kinavumilia maji ya mita moja kwa dakika 30, kwa hiyo kioge naye. Kikianza kuonyesha asilimia 40 kisha kuzimika katikati ya simu, hakikudanganyi: simu ya 2G huvuta mkondo mkubwa kwa vipigo vifupi, hasa mtandao ukiwa hafifu, na betri iliyozeeka haiwezi kuutoa. Badilisha betri au kifaa.

Turudi kwenye grili. Mwite fundi akate tundu la mkono, ili kufuli ile ile ifikiwe kutoka ndani na nje, na mtengeneze funguo tatu: ya mzee, ya jirani, ya mtoto. Mlango wa mbao usiachiwe ufunguo ndani ya kitasa, wala usipigwe komeo. Komeo la ndani la choo liondolewe kabisa. Kibao cha "yuko mtu" kinatosha. Na ikiwezekana mlango wa choo ugeuzwe ufungukie nje, maana mtu akilala nyuma ya mlango unaofungukia ndani, utamsukuma kwa mlango wenyewe.

Wekeni pia simu ya kila asubuhi saa moja. Asipopokea hadi saa moja na nusu, jirani anabisha hodi. Hiyo hunasa kila kilichoponyoka: salio lililoisha, kidani kilichosahaulika bafuni, kuteleza taratibu ukutani.

Ukifika, usimvute kwa makwapa. Muulize maumivu yako wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, dhani nyonga imevunjika: mfunike blanketi, usimnyanyue, piga 1199. Akiwa amegonga kichwa na anatumia warfarin au dawa nyingine ya kupunguza kuganda kwa damu, anakwenda hospitali hata kama anacheka. Asipokuwa na hayo, mwache ageuke ubavu mwenyewe, apige magoti, ashike kiti imara, atangulize mguu wenye nguvu, nawe usogeze kiti cha pili nyuma yake akalie. Akiketi, mpe dakika kadhaa kabla ya kusimama. Kisha mvue kidani ukitie kwenye chaja ukiwa bado umeketi naye, maana simu ile ndefu imekula betri na usiku haujaisha.